Kuta za Kichochoro cha Batsinda

Jumanne, 16 Septemba

Kikao cha bodi baada ya kazi, kama kila Jumanne. Chai ya tangawizi, viti visivyotosha. Katika chama chetu cha wabunifu hakuna anayelipwa. Tunalipana maneno, na kwa maneno mimi ni tajiri.

Ajenda moja: kupamba kichochoro cha Batsinda, safu mbili za nyumba zinazotazamana, zote sura moja. Mchoro ni wangu: imigongo, michoro yetu ya jadi, pembe kali nyeusi, nyeupe na nyekundu, zikishuka safu moja na kupanda safu nyingine, kama maji yanayozunguka. Umepita. Kisha Josiane, mwenyekiti wetu, msanifu majengo aliyelelewa Tanzania, akaweka sharti. Wakazi watapaka wenyewe siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na katika mkutano wa baada ya kazi wataamua. Wakikataa, mwezi ujao tunafuta kwa chokaa.

Nilipinga. Uzuri haupigiwi kura. Nilibaki peke yangu.

Jumanne, 23 Septemba

Stensili, karatasi za kupakia mchoro ukutani, zimekatwa. Nilipima nyumba moja. Zote ni sawa. Nimezitandaza chumbani, hakuna pa kukanyaga.

Ninaogopa. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kutoka nje ya karatasi. Ikifutwa mbele ya watu, sijui nitarudije kwenye bodi.

Jumamosi, 27 Septemba

Nyumba si sawa. Safu ya kushoto fundi aliigeuza ramani: mlango ulipaswa kuwa huku, uko kule. Stensili yangu ikaangukia dirishani. Bodi nzima ya mabingwa, na hakuna aliyekwenda kutazama safu ya pili.

Mwenye nyumba ya kwanza, Mama Divine, ndiye aliyelitangaza kosa.

"Kijana, mlango yangu iko huku. Hii karatasi yako ilitembelea jirani tu."

Kichochoro kizima kikacheka. Nikataka kazi isimame.

"Mdogo wangu, watu wameshashika brashi," akasema Josiane. "Igeuze stensili."

Nikamweleza kwamba ikigeuzwa mzunguko unavunjika, mantiki yote inakufa.

"Basi ife ikiwa imependeza." Akaigeuza mwenyewe.

Nilipaka kwa hasira hadi mwisho. Sikumtazama mtu.

Mkutano ulifanyika upande wa juu wa kichochoro, kwenye nyasi za mteremko. Nilikaa. Nikatazama chini.

Hapakuwa na mzunguko wowote. Safu zote mbili zilikuwa zikipanda pamoja, kulia na kushoto, pembe kwa pembe, zikitujia sisi tuliokaa juu. Nyumba zile za bei nafuu zilikuwa kitu kimoja kikubwa, kimesimama. Nimesoma vitabu vingi kuhusu ulinganifu. Sikuwahi kujua kwamba unaweza kumfanya mtu aone haya kuongea. Waliokuwa wakipiga soga nao waligeuka kutazama, mmoja baada ya mwingine.

Kiongozi wa mtaa akauliza, "Ndivyo mlivyopanga?"

Josiane akanigeukia. Jibu la fahari lilikuwa tayari mdomoni. Nilishindwa kulitoa mbele ya kitu kile.

"Hapana," nikasema. "Sikupanga hivi. Nilitaka vingine."

"Nani anataka ifutwe?"

Mkono mmoja ukanyanyuka, wa mzee mmoja nyuma kabisa.

"Mimi sitaki ifutwe," akasema. "Nauliza, sisi wa kichochoro cha pili tumekosa nini?"

Mama Divine akamjibu, "Nyinyi mungojee ile karatasi ipotee njia tena."

Nilicheka pamoja nao. Kuta zinabaki.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimepitia Batsinda kabla ya kazi. Ukungu bondeni, jua limeshafika kwenye kuta. Nimesimama palepale juu. Bado sielewi. Sina haraka ya kuelewa.

Watu wanatoka kwenda kazini, wanafunga milango, hawatazami. Mama Divine alitoka na beseni la maji machafu. Kila mtu pale humwaga mlangoni. Yeye alilibeba hadi katikati ya njia, akainama, akamwaga polepole, yasirukie ukuta.