Kiti ya Pili ya Gari Nyekundu

Baba,

Kuna kitu sijaambia mutu hata mumoja: kamio, ile lori ya samaki, ilisimama.

Sijaambia Mama. Sijaambia padri. Baba mukubwa alinikalisha mbele ya jamaa yote, akaniuliza siku ile ilikwenda namna gani, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Wakasema, muache, mutoto ana haya. Lakini ilisimama, Baba. Shofere alizima motere, akashuka, akakuomba upande. Na ni weye ulikataa.

Ninakuandikia ndani ya gari yako, mu kiti yangu, sababu nyumba imejaa watu wa kilio na hapa tu hakuna mutu. Iko nyuma ya jiko, vile walivyoivuta na kamba. Kuku alitaga ku kiti yako. Nilikula yai.

Unakumbuka siku uliinunua? Mugriki alikuwa anafunga duka arudi kwao, na alikuuzia kwa roho safi, hiyo lazima niiseme. Alikuambia mbele yangu, na Swahili yake ya kuvunjika: "Muzee, gari muzuri, motere mubaya. Mulima, hapana." Ulicheka njia yote mpaka nyumbani. Ulisema anakutisha ili auzie tajiri mumoja wa dhahabu kule Bambu. Mutu alikupa ukweli bure, na weye ukaona ni ujanja.

Ulilipa na ng'ombe za mahari ya dada. Zote. Na ile ya Mama pia, ile jamaa ya shemeji walimupa yeye mwenyewe, asante ya kuzaa na kulea, ng'ombe ambayo hata bwana wa nyumba hagusi. Uliigusa. Mama alisema tu, "Sawa. Siku moja nitapanda ng'ombe yangu niende misa." Hakupanda hata siku moja. Gari ilikuwa na viti mbili, na ya pili ulinipa mimi. Nilifikiri ni upendo. Halafu nikakusikia unaambia watu: "Huyu ndiye abiria muzuri. Hasemi kitu."

Ilichemka mara ya kwanza mbele ya kanisa, watu wanatoka misa. Mvuke mpaka juu ya mabati. "Muzee, imeiva? Tulete muhogo?" Tangu siku ile mutaa yetu yote ya Rwambuzi iliiita Sufuria. Na mimi, ku lisé, wanafunzi wenzangu wakaniita Kifuniko, sababu ninakaa na Sufuria na sifunguki. Weye uliweza kuvumilia njaa, uliweza kuvumilia deni na mvua. Kicheko tu hukuweza.

Nitasema pia ile nzuri, nisikuonee. Ile barabara ya sawasawa ya kwenda uwanja wa ndege, asubuhi, vioo wazi, ulikuwa unaimba wimbo wa kanisa na sauti mubaya kabisa. Ukageuka ukaniambia: "Kifuniko, cheka basi!" Nikacheka. Ni weye peke yako jina ile haikuniuma mu mudomo yako.

Lakini wachuuzi wenzako wa samaki walisema Sufuria itashuka Kasenyi, kule ziwani, na haitapanda mulima tena. Ukavaa abakosi mupya, suti yako ya siku kubwa. Tumbo ilikuwa inakuuma tangu zamani, nilikuona mara ngapi ukilegeza mukaba chini ya meza, Mama asione. Tulikula sombe ya Mama, mboga ya majani ya muhogo, mu sahani moja, weye na mimi, tukashuka. Ku Kasenyi walikupigia makofi. Ulikuwa unatoka jasho, hukugusa hata samaki mumoja, lakini ulizunguka gari mara nyingi ili waone vizuri.

Wakati wa kupanda, ilichemka mu kona za katikati ya mulima. Tulimwaga maji yote tuliyokuwa nayo. Ulilala ku majani, magoti ku kifua, na sauti uliyokuwa unatoa sijawahi kusikia ku mutu mukubwa. Ndipo kamio ya samaki ikafika. "Muzee, panda, tukufikishe ku hospitali." Uso yako ilikuwa rangi ya majivu. Ukajikaza, ukakaa, ukafunga vifungo. "Mimi niingie Bunia juu ya samaki? Na abakosi hii? Endeni. Motere inapoa tu."

Shofere aliniangalia. Alingoja. Neno ilikuwa fupi: Baba, tupande. Nilikuwa nayo kwa Swahili, nilikuwa nayo kwa Kifaransa. Haikutoka.

Kamio ikaenda. Ukaniambia, "Hii isifike kwa watu." Halafu: "Gusa kapo ya motere. Iko moto bado?"

Bado, Baba.

Ukauliza tena. Bado, Baba. Kivuli ya mulima ilipofika ku ziwa kule chini, niligusa kapo, nikakuta imepoa. Nilikuja mbio kukuambia. Nikakushika mukono.

Sikukuambia.

Ni kamio ileile ilitukuta. Ilikuwa imekwisha kushusha samaki Bunia na inarudi. Kwenda na kurudi, Baba, na siye tulikuwa tunangoja motere. Shofere aligeuza kamio, akakulaza nyuma. Basi uliingia Bunia juu ya samaki. Magamba tu ilikuwa imebaki, lakini yalikuganda abakosi yote, na Mama aliyatoa moja-moja na kucha, akilia, ili watu wasikuone nayo.

Na sasa sikia matunda ya siri yako. Baba mukubwa anasema Mama alikutilia kitu mu sombe. Anasema mwanamke wa Mahagi aliona ng'ombe yake imeuzwa, akaweka hasira mu roho, akalipiza. Unaona? Uliiba ng'ombe, na ng'ombe ndiyo inamushitaki mwenye kuibiwa. Nikasema nilikula mu sahani ileile. Sauti yangu ilikuwa kidogo. Mama mukubwa, muke wa baba mukubwa, akajibu, "Mutoto wa nyoka haumwi na nyoka," wakacheka, mu kilio yako.

Leo jioni jamaa wanakaa kumaliza matanga. Mama atafukuzwa arudi kwao Mahagi na nguo zake tu. Nyumba na gari, kwa baba mukubwa. Mimi pia, kama kiti.

Shofere alikuja ku kilio. Alikaa karibu na mulango, akaniangalia tena vile alivyoniangalia kule mulimani, akaenda. Kwetu mugeni hafungui mudomo juu ya marehemu kama mutoto wa marehemu hajafungua. Unajua hiyo. Ulijua pia ni mutoto gani ulimuchagua.

Jana Mama aliniuliza polepole, "Ulikuwa naye. Hakusema kitu?" Nikasema hapana. Akanishika kichwa, akasema, "Basi." Alikuwa amekwisha kufunga kitenge zake mu shuka. Heshima yako, Baba, mimi ninailipa na nyumba ya Mama.

Ninasikia miguu. Ni baba mukubwa, ninajua ile namna yake ya kuburuta viatu. Ana ufunguo mu mukono moja na bidoni ya maji mu mukono ingine. Hajaiwasha hata mara moja na amekwisha kujifunza kubeba maji. Nyuma yake wanakuja wengine, wanataka kuona kama Sufuria itaunguruma.

Tangu asubuhi, kila mutu akipita, nilikuwa ninakalia karatasi hii.

Lala, Baba. Mimi sitakuja tena kukaa hapa. Watacheka, hiyo ninakuahidi, watacheka kutoka Rwambuzi mpaka Kasenyi, na jina yako itakuwa ndani ya kicheko, na mimi ndiye nitakuwa nimeitia. Mama atalala mu kitanda yake.

Amefika ku mulango. Anauliza ninaandika nini.

Karatasi iko juu ya magoti yangu. Nitaanza na kamio.