Msimamizi wa Ndoa Yangu Anatulipa Mahindi

Mshauri wetu, shikamoo, mimi ni mama wa Kizwite, fundi wa pampu za maji, nakuomba unitoe kwenye mtego huu maana bosi wangu Adriano ndiye aliyesimamia ndoa yangu, watoto wangu wanamwita babu, naye ana mkataba na serikali wa kuleta pampu na kuzitunza vijijini mpaka kule Laela, sisi mafundi ndio tunaozifunga na kuzitengeneza, lakini mwisho wa mwezi anatupa fedha kidogo na magunia ya mahindi, hata ukijumlisha haifiki kima cha chini cha mshahara, na nikimuuliza anasema, "Otilia mwanangu, mkataba wangu ni wa mashine, si wa watu, nyie mnanisaidia kindugu kama tunavyoalikana kupalilia," sasa wiki ijayo afisa kazi anakuja kutuhoji na Adriano anataka tuseme hivyo hivyo tusimpotezee mkataba, mume wangu naye ananiambia, "Utamwaibisha mzee aliyekusimamia kanisani?", nami nikisema uongo najua haki yangu nimeizika mwenyewe, nifanyeje?

Otilia, Kizwite

Marahaba, mwanangu, na pole. Ila mahindi umeyapokea msimu mzima ukishukuru, leo afisa yuko njiani ndipo unaniandikia. Haya, tuelezane taratibu.

Pampu haijifungi nati yenyewe. Serikali inaponunua pampu pamoja na matengenezo, inanunua na kazi ya mikono yako, na anayechukua mkataba huo anauchukua pamoja na sheria za kazi. Kima cha chini hakiulizi kama bosi ni ndugu.

Huko kualikana nimelelewa nako. Leo tunapalilia kwako, tunakula, kesho nawe uko kwangu na jembe. Je, Adriano amewahi kushika jembe shambani kwako? Na yeye, serikali humlipa mahindi?

Nendeni kwake kabla afisa hajafika, wewe, mumeo na mafundi wenzako. Msalimieni kwa heshima zote, kisha mwambieni: "Baba, tukiulizwa tutasema kweli. Rekebisha mishahara sasa, umweleze afisa mwenyewe." Anayejirekebisha mapema ana la kujitetea, uongo wenu hautamlinda. Akikufukuza kwa hilo, usikae nyumbani ukilia. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi upesi, maana malalamiko yana muda wake.

Akinuna, mwache apoe. Mahindi ya shamba lako yakikomaa, mpelekee babu wa watoto debe moja. Aone zawadi inavyotolewa.