Wamama wa Makiso Walimulilia Papa Yetu

Yaya Zawadi,

Huku Kisangani mvua haituachii nguo kavu, lakini niko muzima. Natumaini wewe na watoto hapo Kindu muko vile vile.

Jana muchana nilipiga ile filimbi yangu ya umeme mbele ya watu, katika salle moja ya muziki hapa mutaa wa Makiso. Nilianza na muziki ya zamani ya Ulaya, baroque, ile ya polepole yenye huzuni mingi. Nilikuwa nimefunga macho. Kufungua, nikaona wamama wa mbele wameacha viti, wameketi chini, miguu wamenyoosha, vitambaa vya kichwa wamevua. Walifikiri iko matanga! Nikasikia haya, nikaacha kupuliza.

Mama moja akanigombeza: "Citoyen, usikate kilio! Utuambie tu nani amekufa, tumulilie muzuri."

Unajua Papa yetu alizikwa nikiwa Ubelgiji, na tangu nirudi chozi limekataa kutoka. Nikajibu: "Papa yangu, Kalonda, fundi wa cherehani."

Nikapuliza tena, nao wakamulilia kwa jina, kama jirani wa avenue yao. Halafu courant ikakatika. Bila umeme filimbi yangu iko fimbo tu, ikanyamaza. Wao waliendelea, na sauti iliyopanda juu kuliko zote, yaya, ilikuwa yangu.

Kisha wakaninawisha uso, wakanilisha pondu na samaki. Nawashukuru mpaka leo asubuhi.

Ukumbatie watoto. Uwaambie babu yao hakufika Kisangani hata siku moja, lakini sasa iko na watu wake hapa.

Mudogo wako,
Amuri