Maji Yasiyo na Viboko

Devota na Melkiadi,

Tangu Jumanne ile ya mwezi wa tatu baba yenu alipotutoka, sijalala nje ya nyumba hii. Leo nakwenda na akina mama wa jumuiya Dar es Salaam, na kesho tunavuka kwenda kisiwa kidogo cha Mbudya. Maharage nimechemsha, mtaunga wenyewe. Kuku wafungieni kabla giza halijaingia. ~~Shangazi Veronica atakuja kulala nanyi.~~ Haji tena.

Alfajiri alinikuta nafunga chapati na mayai, maana huko hatununui chakula. Akaja juu: "Wifi, msiba haujapoa, wewe unakwenda kuogelea?"

Nikamwambia kuogelea sijui, nakwenda kusimama ndani ya maji tu. Miaka ishirini na mbili kaka yake alinikataza kutia mguu ziwani kwa sababu ya viboko, na kila mwaka aliahidi kunipeleka kwenye maji yasiyo na viboko.

Akauliza, "Una uhakika baharini hawapo?"

"Hawapo, wifi."

"Sasa mbona hukuniambia? Nimezaliwa hapa ziwani, goti langu halijalowa hata siku moja!"

Mama Rogathe haendi tena, mtoto wake anaumwa, kwa hiyo kiti chake kwenye basi kiko wazi. Shangazi yenu amekimbia kwake kuchukua kanga. Melkiadi, usicheke.

Bajaji imefika. Tutarudi Jumapili usiku. Devota, leo ulale kitandani kwangu, upande wowote.

Mama