Rafiki Nisiyemtaja Kwenye Wimbo

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ni mguu tu unaomsumbua.

Umesikiliza kaseti ya wimbo wangu wa marafiki wa Kalinzi, unauliza kwa nini siku hizi naruka ubeti mmoja. Zamani tuliimba jina la kila rafiki na kwao. Mmoja nikamtaja na kilima cha kwao Burundi, wakati wakimbizi wanasakwa wapelekwe kambini, naye kwetu alijulikana kama Muha mwenzetu. Redio ilipoupiga, aliweka kikombe chini akaenda kufunga mlango. Wasakaji hawakuja, lakini hofu haikututoka.

Tafadhali, kaseti hiyo usiiweke mtandaoni.

Nikifika kwenye ubeti wake nanyamaza, naye hupiga makofi polepole mpaka uishe.

Babu yako