Jina la Wegesa Kwenye Fomu

Umoja One,
Nairobi.
16 Novemba 2025

Mpendwa dada Bhoke,

Shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje siku hizi za mvua? Na shemeji Mwita, kile kikohozi kimemwachia au bado kinamsumbua asubuhi? Sisi huku ni wazima. Celine amenipita urefu na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Owuor amepoteza sweta ya shule mara ya pili mwaka huu. Ochola bado yuko karakana ya reli, anatengeneza mabehewa na kulalamika mgongo.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Lakini simu yako hushikwa na binti, Wegesa, na wewe ukiongea huweka sauti ya juu mpaka jirani anaitikia. Haya ninayokuandikia nataka uyasome peke yako kwanza. Nimempa barua jirani yangu, Mama Nzivo, anayekuja huko Mwanza kufuata dagaa, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine.

Habari njema naitanguliza. Mwezi uliopita nimepewa ukaaji wa kudumu wa hapa Kenya. Wamenigongea muhuri kwenye pasipoti. Zile safari za kwenda kuomba tena kibali kila kinapoisha, nikihofia siku watakayosema basi, zimekwisha. Uraia sikuutaka, dada. Kwetu ukichukua wa kwingine wa kwetu unaupoteza, na mimi nataka siku nikija kuzikwa kwa baba Tarime niingie kama mwenyeji.

Uliwahi kuniuliza mbona nimechelewa hivyo wakati nimeolewa miaka mingi. Ni kwa sababu wao hutazama cheti cha ndoa, hawahesabu ng'ombe aliotoa Ochola. Cheti tulikuja kukichukua mwaka 2021, na sheria inataka ndoa itimize miaka mitatu. Mtu mmoja hapa mtaani alinishauri nisijisumbue. Wakurya mko pande zote mbili za mpaka, akasema, nenda Kehancha useme umezaliwa huko, kitambulisho utapata. Nilikataa. Nilimwambia nataka kukaa hapa kwa jina langu.

Nilijisifu mapema. Novemba mwaka jana nilikwenda saiba ya Austine, kijana anayewajazia watu fomu za serikali kwenye kompyuta. Tulijaza vizuri mpaka tukafika sehemu ya watoto.

"Mathe, watoi ni wangapi?" akaniuliza.

Nikamjibu wawili. Akaandika Celine, akaandika Owuor. Halafu akasogeza uso kwenye kioo akasoma tena. "Ni hao tu? Hapa wamesema wote, hata wale hukai nao."

Dada, swali hilo nimeulizwa kliniki, nimeulizwa kanisani, nimeulizwa na wanawake wa chama chetu cha akiba, na kila mara nimejibu wawili bila kigugumizi. Siku hiyo nami nilisogea kusoma. Chini ya ukurasa ilikuwa imeandikwa kwamba ninaapa yote niliyosema ni kweli, na palikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Nilimwambia Austine asubiri, nimesahau karatasi nyumbani. Sikurudi kwake wiki mbili.

Unajua tulivyokubaliana. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sare ya shule bado iko kwenye kamba, na wewe ulikuwa umehamia Mwanza mahali ambapo hakuna aliyekujua. Ulisema mtoto atakuwa wako na mimi nitakuwa mama mdogo, na neno hilo halitatoka nje ya nyumba yetu. Sikulivunja, hata kwa mume wangu. Ndiyo maana naanza kwa kukuomba msamaha, kwa sababu sasa nimelivunja.

Nilimwambia Ochola Jumapili baada ya ibada, watoto wakiwa wamebaki kwenye mazoezi ya kwaya. Alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi. Nilisema moja kwa moja kwamba Wegesa ni mimi niliyemzaa. Aliiweka pasi kando, akaizima ukutani.

"Yule wa dada yako?"

"Yule."

"Siku nilipokuja kwenu na wazee, alikuwepo?"

Nikamwambia alikuwepo, alikuwa na miaka minne, ndiye aliyeshika taulo wageni walipokuwa wananawa mikono. Akasema, "Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inajua, mimi peke yangu ndiye nilikuwa nashukuru chakula."

Hilo ndilo lililomuuma. Kuzaa hakukumsumbua sana. Kilichomuuma ni kwamba alikaa katikati ya watu wanaojua, akicheka nao. Nilimwambia niliogopa kwamba hatanichukua, na baada ya kunichukua niliogopa ataniuliza kwa nini sikusema mwanzo, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo kusema kulivyozidi kuwa kugumu.

Siku nne hakunisemesha ila kwa mambo ya nyumba. Alikula, alikwenda kazini, alirudi. Ningeona afadhali anifokee. Siku ya tano alikwenda Donholm kwa mama yake, Mama Aoko, kumweleza. Nilijua sasa ndoa yangu inajadiliwa huko, nikaanza hata kufikiria nguo zipi nitachukua nikirudi kwetu.

Walirudi wote wawili. Mama Aoko aliketi, akaomba chai, akanitazama mpaka nikainamisha macho. Akasema, "Ghati, Celine alipozaliwa nani alikuogesha?"

"Ni wewe, mama."

"Basi. Nimezaa saba na nimezalisha wengine sijui wangapi. Tumbo la uzazi wa kwanza ninalijua. Ulidhani nilikuwa nafumba macho kwa sababu ya sabuni?"

Miaka kumi na minne, dada! Alikuwa anajua siku zote, na hakuniambia mimi wala mwanawe. Ochola alimgeukia mama yake kwa hasira, akamuuliza mbona alinyamaza. Mama akamjibu kwamba jambo la mwanamke husemwa na mwenyewe akiwa tayari, na kwamba yeye alikuwa akimwombea mtoto yule bila kujua jina lake. Nililia mbele yao. Ochola hakunibembeleza, lakini alinimiminia chai.

Sikwambii kwamba yalikwisha siku hiyo. Kuna nyakati mpaka leo ananiuliza kitu kidogo tu, kwamba nilikuwa wapi au nimeongea na nani, na ninasikia ndani yake ile Jumapili. Navumilia. Lakini wiki iliyofuata alinisindikiza kwa Austine, na kwenye ile barua ambayo mume anatakiwa kuandika kumuunga mkono mkewe, alisema mke wangu ana watoto watatu. Mimi nikatia sahihi chini.

Juni tukaitwa kwenye usaili. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kusomea. Alituuliza tulivyokutana, nani hupika Jumapili, Ochola hulala upande gani wa kitanda, tukajibu mpaka tukacheka. Kisha akafika kwa Wegesa, akaomba cheti chake cha kuzaliwa. Nilikuwa nacho kwenye simu, ile picha uliyonitumia tulipokuwa tunamtafutia chuo.

Alikisoma akakunja uso. "Hapa mama ni Bhoke Marwa. Wewe ni Ghati."

Nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Akasema ananiamini, lakini kwa karatasi mtoto huyu si wangu. Akimwacha kwenye faili, itabidi waombe hati kutoka Tanzania, na huyo dada yangu ataulizwa kwa nini cheti kinasema hivi. Akaniuliza, "Nimfute?"

Aliyepinga ni Ochola. Alisimama kabisa. "Afisa, usimfute. Huyo ni mtoto wake, na mimi nimeandika hivyo kwa mkono wangu."

Nilimshika mkono akaketi. Nilikufikiria wewe ofisini mbele ya watu wasiokujua, ukihojiwa kama mwizi, kwa sababu ya kunificha mimi aibu. Nikamfikiria Wegesa akiusikia ukweli huu kutoka kwa karani. Nikamwambia afisa amfute. Alipiga mstari juu ya jina, halafu pembeni akaandika kwa kalamu kwamba nilimtaja mwenyewe kwa hiari yangu. Akaniuliza kama niko sawa. Nilimwambia niko sawa, na hata leo nashangaa kwamba haikuwa uongo.

Sasa ombi, na usikasirike. Ochola anataka Wegesa aje kwetu Krismasi hii, akae wiki mbili, awafahamu Celine na Owuor. Mama Aoko naye anamngoja. Hakuna atakayefungua mdomo hapa, nimewaapisha wote wawili. Celine na Owuor hawajui lolote, wanajua binti ya mama mkubwa anakuja.

Kama mtamwambia, na lini, ni wewe na shemeji mtakaoamua. Ndiwe uliyekesha naye malaria ilipompanda, ndiwe uliyembeba mgongoni ukienda kupanga foleni ya shule. Sitakuja kumdai, dada, wala sitaandika jina lake mahali pengine popote bila wewe. Ukitaka awe mtu mzima zaidi kwanza, nitangoja. Ukitaka asijue kamwe, nitaendelea kuitika mama mdogo. Ila usiniambie jibu kwa simu. Niandikie karatasi umpe Mama Nzivo, atakaa huko hadi Ijumaa.

Msalimie sana shemeji Mwita. Msalimie shangazi Robi ukimwona, mwambie kitenge chake nilikipata. Na Wegesa mwambie mama mdogo wa Nairobi anamsalimia, aache kusoma akiwa amelala chali, ataharibu macho.

Mungu wa baba na mama awalinde nyote humo ndani, na akulipe kwa yale ambayo mimi sina namna ya kukulipa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Ghati