Kwa Nini Riziki Hakuja Kumzika Baba Yake

Louisville, siku ya mapumziko ya Neema

Mdogo wangu Nyota,

Jambo sana, mtoto wa mama. Amani ya Mungu ikukute mzima, wewe na wote wanaolala chini ya bati lako. Mguu unaendeleaje? Ulisema umeshatupa fimbo, lakini nakujua, labda umeificha nyuma ya mlango ili wajukuu wasikuone mzee. Na ziwa je? Maji yamerudi nyuma, au bado yanaingia kwa jirani? Sisi huku Amerika tuko wazima. Presha yangu inapanda na kushuka kama kawaida yake. Neema, kitinda mimba wangu ninayeishi naye hapa mtaa wa Highview, bado anafunga maboksi kwenye depo la bidhaa. Anarudi miguu imevimba, lakini anacheka.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Bon, simu yako ni ya nyumba nzima. Nikisema "haloo" wanaitika watu kumi, na shemeji anafungua sauti mpaka kuku wasikie. Maneno ya leo ni yako kwanza. Mama mmoja wa kwaya yetu anakuja Uvira kumwona mzazi wake, naye amekubali kubeba bahasha hii. Soma ukiwa umekaa.

Riziki amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, mashavu kama maandazi.

Najua jina hilo halitajwi kwako. Tangu tulipomzika mume wangu huku na Riziki hakuonekana kaburini, ulisema binti asiyemzika baba yake si wa kwetu. Josué, kaka yake, alisema mabaya zaidi, akafuta namba yake kwenye simu. Miaka miwili watoto wangu, Josué Columbus, Riziki Buffalo, hawakujuliana hali. Na mimi nilikaa kati yao, kimya.

Habari ya mtoto ilipofika, nilimwambia Neema: lazima nimkande mzazi mimi mwenyewe. Yeye hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo alinipandisha basi mpaka Columbus, na ndani ya mkoba akatia karatasi ya Kiingereza yenye jina langu, mahali pa kushuka na adresi ya nyumba ya Riziki, kama mtoto wa shule. Mimi niliongeza ndagala, vile visamaki vikavu vya ziwa letu. Nilizifunga plastiki tatu, lakini mdogo wangu, joto la basi lilizifichua. Mzee mmoja Mzungu aliinuka taratibu, akahamia mbele. Nilitazama dirishani kana kwamba si mimi.

Josué alinipokea vizuri. Mke wake alisonga bukari, akapika majani ya sombe, na watoto wao wakanikalia mapajani. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu "yes, Koko," maana kwao bibi ni Koko, tunaelewana. Mpango ulikuwa kesho yake Josué anitie katika basi la Buffalo. Asubuhi theluji ikaanguka, basi likafutwa.

"Mama, utangoja mpaka wiki ijayo," Josué akasema.

"Mtoto wa siku tisa hangoji. Na mama yake hana mtu wa kumchemshia maji."

"Ana mume wake."

"Mume anajua kukanda tumbo la mzazi?"

Mke wake, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, akasema, "Josué, peleka mama."

Saa sita mchana theluji ilipopungua, akachukua funguo. "Nitakuacha kwenye parking ya maduka, pale Cheektowaga, karibu na Buffalo. Bwana yake aje akuchukue. Miye kwake sifiki."

Nilikubali. Lakini ndani ya gari, Nyota, nilimtazama mwanangu akishika usukani kwa mikono miwili kama baba yake, na nikaona kwamba nikishuka pale kwenye parking bila kusema, nitakufa na jambo hili. Tulipopita Cleveland nikamwambia. Sasa nakuambia na wewe.

Riziki alikuwa na mimba wakati baba yake anakufa. Mbili zilikuwa zimeshatoka kabla ya hiyo, na hakuna aliyejua isipokuwa mume wake na mimi. Daktari alimlaza kitandani, akamkataza hata ngazi. Alinipigia siku ya msiba akilia: "Mama, nakuja, hata nikifa njiani nakuja." Ni mimi niliyemkataza. Nilimwambia, baba yako ameshaondoka, mlinde huyu aliye njiani. Aliniomba nisimwambie mtu mpaka amshike mtoto mkononi. Nikaapa.

Wiki tatu baada ya maziko, mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake. Aliishi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Riziki akaniambia, "Mama, usiseme. Sitaki watu wanihurumie." Nami nikashika kiapo. Watu walipomtukana, niliinama nikasonga bukari. Uliposema yale maneno yako kwenye simu, nilikuitikia "mmh." Nilijiambia nalinda siri ya binti yangu. Kweli yenyewe, nilikuwa pia naogopa hasira ya Josué, maana ni mimi niliyemzuia dada yake. Ilikuwa rahisi zaidi hasira ile imwangukie yeye aliye mbali.

Josué alitoka barabarani, akasimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, akashuka bila koti. Nilimwona amesimama karibu na pampu, mikono kichwani, watu wakimpita. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mama, nilisema dada yangu amelaaniwa. Mbele ya watu wa kanisa. Ulikuwa pale unaniangalia tu?"

"Nilikuwa pale."

"Kwa nini?"

"Nilikosa, mwanangu. Sina neno lingine."

Tuliendelea na safari mpaka vibao vya Cheektowaga vikatokea. Parking ya maduka tukaiona, tukaipita. "Nipe ile karatasi ya adresi," akasema.

Riziki ndiye aliyefungua mlango, amejifunga kitenge kifuani, amekonda uso. Aliniona mimi, halafu akaona aliye nyuma yangu. Josué alikanyaga kizingitini, akaishia hapo. Walisimama hivyo mpaka baridi ikaanza kuingia nyumbani.

"Kaka," Riziki akasema, "vua viatu. Unaniletea theluji ndani."

Akavua. Alipiga magoti kuvifungua kamba, akabaki pale chini, akauliza bila kuinua uso: "Yule wa wakati wa Baba. Alikuwa nani?"

Riziki alinitazama, akaelewa kwamba nimesema. Nilidhani atanikasirikia. Akajibu pole pole, "Mtoto wa kiume. Tulimpa jina la Baba."

Hapo mwanangu alilia, Nyota, mwanamume mwenye ndevu, soksi zimelowa, na dada yake akakaa naye sakafuni. Mimi nilikwenda jikoni kuchemsha maji, kwa sababu sikustahili kukaa katikati yao.

Josué alikaa siku mbili. Alimshika mtoto kama mtu anayebeba mayai. Wakati wa kuondoka alinikumbatia, akaniambia, "Mama, nakupenda. Lakini bado nina hasira na wewe, nitaimaliza pole pole." Nikasema sawa. Tangu nirudi Louisville hunipigia kila Jumapili, siku nyingine kwa maneno machache. Lakini wao wawili wanaongea kila siku, mpaka Riziki analalamika kwamba kaka yake anamfundisha kuogesha mtoto.

Sasa nimebaki na wewe. Nilikuacha umchukie mtoto asiye na kosa. Hasira yako, nipe mimi. Nitaibeba, mimi ni yaya wako, dada yako mkubwa. Riziki ameniruhusu nikuambie yote, na wewe uwaambie wa nyumbani kiasi utakachoona. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi.

Nisalimie shemeji, mume wako. Nisalimie mjomba wetu mzee, na mama mkwe wako, umwambie bado nakumbuka ubishi wake. Wakwe zangu wote, na wajukuu wako mmoja mmoja kwa jina. Neema anawasalimu.

Na ukimpigia Riziki, tafadhali usianze kwa pole wala kwa samahani. Anza kwa kigelegele. Tangu azaliwe mtoto huyu, hakuna mwanamke wa kwetu aliyempigia kigelegele, isipokuwa mimi peke yangu, na sauti yangu imezeeka.

Anayekupenda tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,
Yaya wako, Mama Josué